Jina Lililoandikwa Mapema

Fundi rangi huyu mtaa mzima ulimwita Mzee Mwandiko, na mwenyewe aliitika kwa maringo. Kila mwaka, wageni wa nchi za mbali walipojaa ukumbini kwa mashindano ya badminton, kazi yake ilikuwa moja: kuandika jina la bingwa kwenye ubao mrefu ulioko ukutani, chini ya majina ya mabingwa waliotangulia. Herufi zake zilinyooka utadhani zimepigwa chapa.

Ila rangi haina adabu, haikauki kwa kuamrishwa. Wakubwa walitaka bingwa apigwe picha chini ya jina lake, likiwa kavu. Basi Mzee Mwandiko akajizoesha kuusoma mchezo. Akiona mchezaji mmoja ameanza kuburuta miguu, huyo, anapanda ngazi na kopo lake, anaandika jina la mwenzake huku fainali ikiendelea. Hakuwahi kukosea, na jicho lake hilo alilisifia mpaka wenzake wakawa wanamkimbia.

Sasa mwaka ule aliyefika fainali ni binti yake, kitinda mimba. Ndiyo, yule yule aliyemfundisha kushika raketi uani, wakirushiana kinyoya juu ya kamba ya nguo huku mama mtu akigomba kwamba shuka zake zinachafuka. Hakuna mwenyeji aliyewahi kufika hapo. Siku hiyo mzee alivaa shati lililopigwa pasi, roho iko juu juu.

Seti ya mwisho binti akaanza kuachwa. Pointi zikaenda, zikaenda, miguu ikawa mizito. Na mzee wetu, jamani, mtu mzima na akili zake, mazoea yakamtuma. Akachukua kopo, akapanda ngazi, akaanza kuandika jina la mgeni. Kazi ni kazi, alijiambia. Uongo mtupu. Angengoja kidogo, picha ikapigwa kesho yake, nani angekufa?

Nyuma yake ukumbi ukaanza kuchangamka. Binti alikuwa anazirudisha pointi, moja baada ya nyingine, mpaka wakalingana, zikabaki mbili tu mtu ashinde. Mzee akageuka, brashi mkononi. Binti yake alikuwa amesimama upande wa pili, zamu yake ya kuanzisha, macho ameyakaza juu ngazini. Akaanzisha, kinyoya kikanasa wavuni. Kilichofuata akakiacha kipite, akakitazama kinavyodondoka ndani ya mstari. Mechi ikaisha. Jina ubaoni lilikuwa sahihi, na wakubwa wakampa mzee mkono wa pongezi.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi. "Ulikuwa kazini, baba," binti alisema, akala, akaenda kulala. Raketi hakuishika tena. Akaolewa, akafungua duka la dawa, akapata watoto. Alikuja kumsalimia baba yake mara kwa mara, wakaongea habari za bei ya sukari na maumivu ya magoti. Lile moja halikuguswa, mzee akaishi nalo miaka nenda miaka rudi.

Juzi juzi wakampa kazi ya kuupaka ubao upya, maana herufi zote zilikuwa zimefifia. Kwa magoti yale, ikabidi binti aje kumshikia ngazi. Wakateremka na majina, mwaka baada ya mwaka, hadi wakaufikia ule. Brashi ikasimama.

"Mwanangu," mzee akasema bila kugeuka, "siku ile nilipanda mapema. Ulikuwa hujashindwa."

Binti akainua macho juu ngazini. "Mimi nilijua wewe hukosei, baba. Nikasema, kama umeshapanda, basi umeona kitu ambacho mimi sijakiona."

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo mzee alipoumia. Heri angemtukana. Machozi yakamshuka, naye hakuyaficha.

"Nilikosea, mama," akasema.

"Haya, andika sasa. Rangi itakukaukia kwenye brashi."

Akaishika ngazi kwa mikono miwili. Mzee akaliandika jina la mgeni, herufi kwa herufi, na safari hii zote zilikwenda upande.