Siku Niliyojifunika Uso Kununua Viazi Karai

Mjukuu wangu haoni. Nalisema mapema, maana majirani zangu wa Mji wa Kale hupenda kulisema kwa kunong'ona: "Maskini, yule msichana wa ghorofani." Maskini gani? Ana nywele mpaka kiunoni, na mdomo mrefu kushinda hizo nywele. Alipozaliwa macho hayakuja, lakini vingine vyote vilikuja kwa wingi.

Nimemlea mimi. Nilimmiminia chai, nikammenyea chungwa, nikamtolea samaki miiba hata alipokuwa mtu mzima wa kuposwa. Jikoni sikumtia. Mafuta ya moto na mtu asiyeona? Mimi shule sikukaa, nilitolewa kabla herufi hazijaisha, lakini kujua kwamba moto wachoma sikuhitaji mwalimu.

Basi kuna chama cha mtaani, kwenye nyumba moja kuukuu si mbali na Ngome ya Yesu. Huwafundisha kazi vijana ambao wengine wameshawakatia tamaa: asiyeona, asiyesikia, aliyeacha shule, Mwislamu, Mkristo, wote meza moja. Siku moja mjukuu wangu akaniambia ameomba kusomea upishi huko. Ameomba! Mimi nyanya mtu sijaulizwa.

"Nyanya, mimi hata maji sijawahi kuchemsha."

"Na kiu umewahi kulala nayo?"

Akatwaa fimbo yake. Kisha akaenda vivyo hivyo.

Akawa arudi nyumbani akinuka bizari. Siku moja alirudi na alama ya moto kidoleni, akaificha ndani ya leso. Niliiona. Sikusema kitu, na mimi kutosema kitu ni kazi nzito.

Mafunzo yalipokaribia kwisha, mwalimu wao alikuja nyumbani. Ni mama wa Kigiriama, mwenye sauti ya kuzuia lori. Akanieleza kwamba kila mwanafunzi atapika na kuuza mwenyewe, mwenziwe akimletea sahani tu, hapo nje ya chama, mchana mzima. Mkahawa mmoja wa Ganjoni ulitaka mpishi wa viazi karai, vile vya kuvishwa unga na kukaangwa, na mjukuu wangu ndiye aliyewekewa nafasi hiyo.

"Lakini bi mkubwa, akisaidiwa na mtu wa kwao, hata kwa kushikiwa kijiko, hajafaulu. Nafasi tutampa mwengine. Kwa hivyo siku hiyo, nakuomba, kaa nyumbani."

"Nitakaa," nikamwambia.

Na nilikaa. Mpaka alasiri.

Alasiri nilitoa buibui jipya kabatini, nikatoa na ninja ya kufunika uso, ambayo siivai. Nikaazima viatu vya jirani ili hata mwendo wangu usijulikane. Kisha nikatia udi kwenye chetezo, nikalifukiza buibui mpaka likakolea, kwa sababu nguo isiyofukizwa mimi sitoki nayo, hata nikienda kufanya upelelezi.

Jirani akanikuta ngazini.

"Wamficha nani huo uso?"

"Mjukuu wangu."

Akakaa chini kwa kucheka. "Mjukuu wako asiyeona?"

"Mwalimu anaona!" nikamjibu kwa ukali. Lakini kusema kweli, mwalimu nilimkumbuka papo hapo ngazini.

Mjukuu wangu nilimkuta mbele ya karai, shungi amelifunga nyuma ya shingo, foleni imefika kwa fundi saa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anayasikiliza mafuta. Kiazi kikiingia chapiga kelele, kikikaribia kuiva chapunguza, kama mtoto anayeshikwa na usingizi. Hapo ndipo alipokiopoa. Halafu aligonga meza kwa ngumi, na kijana mwenziwe asiyesikia, aliyeweka kiganja kwenye ubao wa meza hiyo hiyo, akaupata ule mtikisiko akaleta sahani. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo kazi aliyokuwa akijifunza huku.

Ningeondoka hapo, ningekuwa mtu wa maana. Lakini kwenye ukingo wa karai niliona kiazi kimoja chazidi kugeuka rangi, na mkono wangu haukuniuliza. Ukaenda wenyewe kwenye kijiko chake cha matundu.

Nikapigwa kofi la mkono. La kweli.

"Mteja, foleni iko nyuma."

"Kiazi chaungua," nikasema, sauti nimeibana puani.

"Hakiungui. Ni cha mzee wa duka la vitambaa, hukitaka kikavu."

Mwalimu akafika. "Kuna nini? Huyu ni mtu wenu?"

Angesema hanijui, tungepona sote. Ila nimemlea asiseme uwongo, na dakika ile niliyajutia malezi yangu.

"Ni nyanya yangu," akasema. "Tangu yuko mwanzo wa kichochoro nimemjua, udi wake umefika kabla yake. Ametaka kunisaidia, nimemkatalia. Akitaka kiazi, apange foleni kama wenziwe."

Foleni nzima ikacheka. Nikaivua ninja. "Mwalimu, sijagusa kijiko. Tazama mkono."

Akautazama, ungali mwekundu. Akauma midomo asicheke. "Nimeona, bi mkubwa. Mwanafunzi anayeweza kukuzuia wewe jikoni hana mtihani mwengine kwangu. Haya, nyuma."

Nikapanga foleni nyuma ya watoto wa madrasa, mimi na umri wangu. Zamu yangu ilipofika akaniuliza, "Karibu, mteja. Nitie pilipili?"

"Wajua sili pilipili!"

"Nitajuaje? Wewe si umekuja kwa siri?"

Nilikula nimesimama, nikitafuta kosa. Chumvi sawa. Ukwaju sawa. "Unga mzito kidogo," nikasema.

"Nyanya, sahani yako imeshakuwa tupu. Naisikia."

Sasa yuko Ganjoni, jikoni kwake. Nyumbani chai najimiminia, na yake ananikataza. Mara nyengine hupita ule mkahawa nikasimama dirishani, na siku hizo udi huuacha nyumbani, jambo ambalo kwa mtu kama mimi si dogo. Juzi akatoka mhudumu na sahani.

"Mama, hii yako, haina pilipili. Na jikoni wasema uache kukohoa hapo dirishani, kama wataka kuingia, ingia."

Nikaingia. Unga ulikuwa mzito kidogo.