Jina la Bwana Mkubwa Kwenye Ngoma

Madamu alipofika Kabambare, mumewe, bwana mkubwa wa teritwari, yaani mzungu mtawala wa wilaya, alimfundisha Kiswahili chote. Chote alichokijua yeye, maana yake: lete, ondoa, funga, nyamaza, upesi. Kwa maneno hayo alitawala nchi nzima, sijui kama aliwahi kuhitaji jingine.

Mimi nilikuwa yaya wa mtoto wao. Nyumbani nilisema Kibangubangu, sokoni Kiswahili, na kwa madamu nilinyamaza, kama nilivyoamriwa.

Bwana alikuwa amepiga marufuku ngoma za mti, yale magogo yaliyochongwa matupu ndani, ambayo kwayo kijiji kimoja huzungumza na kingine. Mchana eti zinawapumbaza watu wanaolimishwa pamba, usiku zinamkosesha madamu usingizi. Ukitoa mchana na usiku, ngoma ilikuwa huru kabisa.

Asubuhi moja bwana alikuwa Kasongo na gari lake, mkutanoni. Waya wa simu ulikuwa umeangushwa na mti. Daktari mzungu alikuwa vijijini akipima watu malale, na hakuna aliyejua kijiji gani. Basi hapo ndipo mtoto akashikwa na degedege, nami niko mtoni nafua nguo zake.

Madamu akatoka barazani kuomba msaada kwa Kiswahili chake. "Lete! Upesi! Lete!" Boi akaleta chai. Ebo, angeleta nini? Mtu wa bustani akaleta mwavuli. Polisi wa zamu, mtu makini sana, akaja mbio na kamba, akapiga saluti, akauliza afungwe nani, maana sauti ile siku zote ilikuwa na mtu wa kufungwa. Mama wa watu analia, nao wamesimama wima wanangoja amri ieleweke. Angepiga ukemi kama mwanamke yeyote, kijiji kizima kingefika na majembe mkononi. Lakini yeye alikuwa mstaarabu.

Nilimkuta hivyo. Nilimpokonya mtoto nikampangusa kwa maji. Macho yalikuwa yamegeuka juu. Niliogopa, sisemi uongo, na mtoto yule nilimpenda. Nikamshika madamu mkono, nikamvuta mpaka kwa mpiga ngoma, kijiji cha nyuma ya posta, lile boma la serikali.

Mpiga ngoma yule, bwana alikuwa amemchapa kiboko msimu wa pamba, kwa sababu ya kikapu chepesi, na mwanawe kalazimishwa kutazama. Alimwangalia mtoto mikononi mwangu. Kisha akafunua mikeka, akaivuta ngoma aliyoificha.

"Mutoto iko ya nani?"

"Baba, si unamujua?"

"Mimi namujua. Ngoma haimujui."

Kweli. Kwetu ngoma haikuiti kwa jina ulilopewa na mama yako. Inakuita kwa jina refu ambalo watu wamekupa wakishayaona matendo yako, na mtoto mdogo huitwa kwa la baba yake. La bwana nchi nzima ililijua: Amchapaye Baba Mtoto Akitazama.

"Tafuta jina ingine, baba, tafazali."

"Iko moja tu. Nikitunga ingine, huko mbele watajua ni nani?"

Mficha uchi hazai. Nikamwambia apige.

Akapiga: munganga wa wazungu aje Kabambare, mtoto anakufa, mtoto wa Amchapaye Baba Mtoto Akitazama. Madamu akanivuta nguo, anataka kujua mzee anasema nini. Nikainua kidole gumba juu, nikatabasamu: anamsifu bwana. Nifanyeje, jamani? Kijiji cha mbele kikapokea, kikampa mwenzake, na jina likapita zima mpaka tukaacha kulisikia.

Jua halijazama, daktari alifika kwenye tipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, wapagazi wake wanahema. Njiani aliwauliza ngoma imetaja mtoto wa nani. Wakamjibu, kwa heshima zote, wa bwana mkubwa. Akamchoma mtoto sindano, akakaa naye mpaka homa ikashuka. Mtoto akapona.

Bwana aliporudi na kusikia kwamba jina lake limevuka msitu, kichwa kikavimba. Akaziruhusu ngoma siku hiyohiyo, kwa sharti moja: akitembelea vijiji, jina lake limtangulie. Looo! Hakuna amri ya serikali iliyotiiwa vile. Lilipigwa kwa juhudi, na bwana anapita juu ya tipoyi akiinua kofia.

Madamu naye akaniomba nimfundishe Kiswahili kile kingine, cha kuuliza na kuomba. Alikishika vizuri. Siku moja anamnyonyesha mtoto, ngoma ikalia.

"Jina la bwana ni nini pale?" akauliza.

Nilikuwa nimechoka kudanganya. Nikamwambia, neno kwa neno. Uso ukamwiva. Nilimwonea huruma, na nilijikasirikia kwa huruma hiyo.

"Siku ile mtoto anaumwa, wote waliopiga walijua?"

"Wote, madamu."

"Na wamechapwa?"

"Wengi."

"Sasa kwa nini walipiga?"

Mtoto alikuwa amelala, kiganja kiko wazi juu ya titi la mama yake.

"Mutoto hajachapa mutu, madamu," nikamwambia. "Bado."