Walimwazima Mwanangu kwa Teatri, Sasa Wanamtaka Tena

Mhariri, jina langu ulifiche, na la shule usilitaje. Mimi ni mama wa miaka kumi na tisa, mwanangu Deo ana miezi saba. Tunaishi na mama yangu na mdogo wangu Konsolata hapa Bujumbura, karibu na bandari, na kazi yangu ni kuanika na kuuza ndagala, hawa dagaa wa ziwani. Baba wa mtoto alipanda meli ya mizigo kwenda Kigoma kabla tumbo halijaonekana, na huyo sitamwandika tena. Usingizi wangu ni wa vipande vipande, kwa hiyo mkiona nimeandika ovyo mnisamehe.

Nilisoma kwa masista. Shuleni kulikuwa na kwaya, ngoma, mpira wa kikapu, lakini kundi lililopendwa kuliko yote ni la teatri, na mimi nilikuwemo. Kila mwaka kabla ya Noeli tulicheza kuzaliwa kwa Yesu mbele ya wazazi, na Yesu alikuwa mtoto wa kweli, aliyeazimwa kwa mama mmoja wa parokia. Mama huyo watu walimwita Mama Yezu mwaka mzima, hata kwenye bomba la maji walimpisha. Mimba yangu ilipojulikana, sista mkuu wa shule, tunayemwita Masere, alinisimamisha mbele ya kundi zima, akanivua beji ya teatri kwa mkono wake, akaniambia nitokee mlango wa jikoni, nisirudi. Konsolata, aliyekuwa akisoma hapo hapo, walimbakiza. Ila walimwambia waziwazi kwamba wanamtazama, kwa sababu damu ni moja.

Basi, kabla ya Noeli iliyopita, Konsolata akaja nyumbani na Domitila, ambaye sasa ndiye perezida wa kundi. Zamani mimi na yeye tulikaa dawati moja. Wakapiga magoti mbele ya mama yangu.

"Yaya," mdogo wangu akasema, ndivyo anavyoniita mimi dada yake, "tunakuomba Deo. Tumuazime kwa teatri."

"Mutoto yangu mimi? Masere anajua ni wa nani?"

"Anajua," Domitila akajibu. "Yeye mwenyewe ndiye alisema mulete huyo."

Nililia, ndugu zangu. Nilidhani nimesamehewa. Mama alimnyoa Deo, mimi nikakata blauzi yangu ya shule niliyokuwa nimeitunza, nikamshonea kanzu nyeupe. Jumapili mchana nilimkabidhi kwa Domitila, nikaenda kukaa nyuma kabisa ya ukumbi. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kujiita Mama Yezu.

Pazia likafunguka. Sikuona Yosefu wala ng'ombe. Nilimwona Domitila amevaa sare ya shule, ameingiza mto tumboni, anatembea kama mimi, maana mguu wangu wa kushoto unakokota kidogo. Watu wakaanza kucheka. Mchezo ulikuwa wa msichana aliyeacha vitabu akaenda kuzurura bandarini. Kisha wakaingia wasichana waliovaa kofia za mabaharia, wakawa wanapeana Deo mkono kwa mkono.

"Baba yake ni wewe?"

"Mi? Apana! Uliza yule mwenye bato, ile meli ya Kigoma!"

"Ata sura yake siijui, peleka mbele!"

Ukumbi ulipiga miguu chini kwa kicheko. Mzee mmoja mbele yangu akamwambia mkewe, "Ona, ata mutoto anajua kucheza!" Baharia wa mwisho alimshika Deo, akamnusa, akasema, "Huyu ananuka ndagala, rudisha sokoni!" Hapo ndipo walipocheka kupita kwingine kote. Baharia huyo alikuwa Konsolata.

Deo akaanza kulia kilio cha njaa. Maziwa yakanitoka yenyewe, nguo ikalowa. Sikufikiri. Nilipita katikati ya viti nikapanda jukwaani, nikamnyang'anya mtoto, nikakaa pale pale nikamnyonyesha. Ukumbi mzima ukasimama kunipigia makofi. Walidhani na mimi nimo kwenye mchezo. Masere alikuwa kiti cha mbele, naye alipiga makofi, na yeye alijua.

Sasa shule za mji zitashindana teatri baada ya Pasaka, mbele ya mawaziri wetu wapya, siyo Wabelgiji tena. Juzi Konsolata alinijia nikigeuza ndagala juani.

"Yaya, Masere anasema ile mwisho yako ndiyo ilipendeza. Anataka ufanye vile vile, we na Deo."

"Na nikikataa?"

"Anasema basi atajua na mi niko mutu wa namna gani. Atanifukuza." Akaangalia chini. "Ni teatri tu, yaya. Unapanda, unakaa, unashuka."

Nikamwuliza yale maneno ya ndagala alipewa au aliyatunga mwenyewe. Akageuza ndagala mbili tatu.

"Watu wanacheka sana pale," akanijibu.

Mama yangu anasema nipeleke mtoto. "We ulishaharibu yako, usiharibu na ya mwenzako." Moyo wangu mimi unasema apana. Deo hana mdomo wa kukataa, mdomo wake ni mimi, na siku atakapokuwa mkubwa ataniuliza nilisema nini. Lakini Konsolata akifukuzwa atakuja kukaa hapa kando yangu kwenye hizi ndagala, na mkono uliomwangusha utakuwa wangu. Ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Jioni akitoka shuleni, Deo akimwona tu mlangoni ananyoosha mikono, anataka abebwe naye.

Wenye watoto, na wenye wadogo wenu, msiniandikie kwamba ni mchezo, mimi nilikuwa jukwaani. Niambieni kitu kimoja: kati ya hawa wawili, nimtoe nani sadaka?