Kompyuta ya Mke wa Bisibisi

Mke wa marehemu mwanangu anapiga pasi mashuka. Ameifanya kazi hiyo miaka tisa katika chumba cha kufulia cha hospitali, ambako shuka huingia kwenye roli la moto likiwa limekunjamana na kutoka upande wa pili limenyooka kama karatasi. Wawili hulisha, wawili hupokea. Yeye hupokea. Ukimshika mkono utadhani umeshika soli ya kiatu. Vidole vyake havisikii moto tena.

Mwanangu mtaa mzima ulimwita Bisibisi, kwa sababu hakuwahi kutoka nyumbani bila bisibisi mfukoni, hata siku aliyokwenda kuoa. Alikuwa fundi umeme. Aliugua siku nne, ya tano tukamzika. Naandika kwa ufupi kwa sababu ilikuwa hivyo hivyo, kwa ufupi.

Baada ya hapo mkewe aliishi nasi kama mtu aliyekaa kwenye benchi akisubiri kuitwa dirishani. Hatukumwona akilia. Alikwenda kazini, akarudi, akaosha vyombo, akaingia chumbani. Mke wangu akimwuliza, "Mwanangu, nikupikie nini?" alijibu, "Chochote, mama." Ukimwuliza akae wapi, "Popote." Nguo gani? "Yoyote." Mimi shule niliishia darasa la nne. Sarufi nilijifundisha kwenye kitabu kisicho na jalada, ambacho mwenye duka alikuwa akichana kurasa zake kufungia sukari, nikakiokoa kikiwa kimebaki nusu. Kwa hiyo niliyatambua maneno hayo. Ni shina moja tu, -ote, linalobadilishiwa kichwa. Katika lugha yote aliyokuwa nayo yule binti, kilichobaki ni shina hilo. Miezi kumi.

Kisha kaka yake mkubwa akapiga simu. Alisema atakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi kumwuliza dada yake kama anabaki kwetu au anarudi naye. Huko kwake alikwisha kumpatia mchumba, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. "Atakachosema yeye ndicho," aliniambia. "Mimi simlazimishi." Zamani jambo kama hilo lilikalisha watu wazima kutwa nzima, wakitazamana usoni. Yeye alilimaliza kwa dakika mbili, na nyuma yake nikisikia magari yakipiga honi. Lakini sikumlaumu. Nilijua tu jibu atakalopewa. Atajibiwa "vyovyote," na mtu akisema vyovyote huchukuliwa kama kifurushi.

Mambo yalikuwa hapo lilipozuka suala la kompyuta.

Jumamosi za nyuma, Bisibisi na mkewe walikuwa wakienda kwenye ukumbi wa gemu, watu wazima kabisa, wakakaa kati ya watoto wa shule. Walicheza gemu moja tu, ya malori. Unapakia mzigo, unaendesha barabara ndefu isiyo na mtu, unashusha mzigo, basi. Mke ndiye dereva, mume anasoma ramani na kulaumu. Niliwahi kumwambia mwanangu kuwa huo ni upuuzi. Akasema, "Baba, wewe umekaa miaka thelathini ukisikiliza watu wasiokujua wakisema ndani ya sanduku." Alisema kweli, nilikuwa fundi redio.

Alikuwa amepanga kumuundia mkewe kompyuta yake mwenyewe, kipande kwa kipande. Pesa alikwisha kuweka, na orodha ya vipande aliiandika kwa mkono wake. Mkewe akawa anatembea nayo kwenye mfuko wa gauni la kazi. Siku moja gauni likaingia kwenye maji pamoja na mengine, likapita kwenye roli, na aliyelipokea upande wa pili alikuwa yeye mwenyewe. Orodha ilikuwa imegandishwa ndani ya mfuko kwa pasi, imekuwa kitu kimoja na kitambaa.

Aliniletea mfuko aliouchana. "Baba, unaweza kusoma?"

Nilichukua lenzi yangu ya kazi. Mistari ya juu ilisomeka: kesi ya kuvitia vyote, pawa saplai, ram na kipimo chake. Prosesa na madabodi zilibaki majina matupu, namba zimefutika. Mstari wa mwisho uliandikwa "feni," halafu doa la wino wa buluu. Nikanakili kwenye karatasi safi, na kwa kuwa sipendi maneno ya kuokota nikayaweka kwa Kiswahili cha kamusi, ram ikawa kumbukumbu.

"Twende tukavinunue," nikasema.

"Sawa."

"Duka gani?"

"Lolote."

Duka tulilokwenda lilikuwa katika korido ya jengo la ghorofa, milango ya vioo mfululizo. Msichana wa kaunta alisoma karatasi yangu huku akitafuna kitu. "Kumbukumbu..." Akaturudishia. "Mzee, kumbukumbu ni mlango wa pili. Hapa ni kompyuta."

Tukaenda mlango wa pili. Ndani mlinuka mbao na vanishi. Ukutani kulikuwa na picha za watu waliovaa vizuri, kila moja na tarehe mbili chini. Fundi fremu alikuja akijifuta mikono.

"Karibuni. Kumbukumbu ya nani?"

"Ya kompyuta," mke wa Bisibisi akajibu.

Yule bwana akavua kofia. "Poleni sana."

Tulipotokea koridoni mke wa Bisibisi alitoa pumzi puani, fupi. Sikujua kama ni kicheko au ni vumbi la mbao. Uso wake ulikuwa vile vile.

Tuliporudi, mwenye duka alikuwa ametoka nyuma. Alikuwa mwanamke wa makamo, shati la mikono mirefu, nywele amezifunga kwa kipande cha waya. Alisema anaitwa Nati. "Wanasema zangu zimelegea," akaeleza kabla hatujauliza. "Ni nyie mliopelekwa kwa marehemu? Mzee, hiyo ni ram. Sema ram tu, haitakuuma."

"Ram ni neno la nani?"

"La duka hili. Kaa hapo."

Nikakaa. Nilitegemea kudharauliwa, maana ndivyo maduka ya siku hizi yalivyo. Anayeuza hajui kilichomo ndani, na anayenunua hataki kujua, kikiharibika kinatupwa na aliyekitupa anaonekana mjanja. Lakini Nati alitandika kitambaa juu ya meza akavipanga vitu, akatuonyesha. Prosesa hii, ambayo ndiyo ubongo, haikai kwenye madabodi ile, ubao wa kuchomekea vyote, matundu hayalingani. Kadi ya picha ikiwa kubwa mno, pawa saplai inayogawa umeme itahema. Nilikuwa sijaona mtu akifungua kitu mbele ya mteja tangu nilipofunga kibanda changu.

"Haya, dada. Prosesa hii au hii?"

"Yoyote."

"Yoyote sina. Imeisha."

Mke wa Bisibisi akamtazama.

"Unacheza gemu gani?"

"Malori."

"Malori! Nami nilishaandaa bunduki. Unaendesha au unasindikizwa?"

"Naendesha."

"Na nani anasoma ramani?"

Nikakohoa. Nati akanitazama, akaelewa au hakuelewa, akachukua prosesa ya upande wa kulia. "Basi hii. Inatosha kwa malori, ubaki na hela ya soda." Mke wa Bisibisi akasema sawa. Madabodi, sawa. Kadi ya picha, sawa. Diski, skrini, usukani wa kuchezea, sawa. Kesi alichukua iliyoandikwa kwenye orodha bila kuigusa. Kila kipande kilichaguliwa na mtu mwingine, ama marehemu ama Nati. Jumapili ilikuwa keshokutwa, nami nikaanza kutazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imesimama.

Kikabaki kitu kimoja, feni.

"Hapa orodha imeishia doa," Nati akasema. "Mwenye orodha alitaka ipi?"

"Hatujui," nikasema.

Akachomeka moja kwenye umeme. Ikawaka rangi za kila aina, ikazunguka bila sauti. "Hii huisikii hata ukilalia sikio. Kila mtu anataka hii." Akachomeka nyingine, nyeusi, pana, imekaa stoo muda mrefu. Ilikwama kidogo, ikaanza kunguruma. "Hii inapoza vizuri lakini ina mdomo. Nimekuonyesha tu usije ukasema nilikuficha." Akaichomoa.

"Rudia," mke wa Bisibisi akasema.

"Ipi?"

"Hiyo."

Nati akaichomeka tena. Mke wa Bisibisi akainama, akaweka kichwa karibu nayo, nywele zikapepea. Redio za zamani, za valvu, zilikuwa hivyo. Ukiwasha, inakaa kwanza kama inafikiri, inanguruma chini chini, ndipo mtu anasema.

"Nataka hii."

"Dada yangu, wiki ijayo utaniita tapeli."

"Nataka hii. Ile nyingine sitaki."

Nati akanitazama mimi, kama watu wanavyofanya. Nikatazama pembeni. Haikuwa feni yangu.

Njiani nilibeba kesi, yeye akabeba mabegi. Tulipofika kwenye kona ya nyumbani akasema, bila kuulizwa, "Alikuwa anakoroma, baba. Nilikuwa nampiga kiwiko." Si neno la kumwambia baba mkwe. Nilisema, "Hata mimi hukoroma," tukaendelea.

Kesho yake asubuhi tuliiunganisha mezani chumbani kwake, mimi nikishika taa, yeye akikaza skrubu kwa bisibisi ya mumewe. Ilipowaka, nyumba nzima ikasikia. Mke wangu alikuja mlangoni akauliza kama ni kinu. Hakuna aliyecheka, lakini mlango ulibaki wazi.

Jumapili kaka yake akafika, mtu mpole, shati limenyooshwa. Tulimkaribisha humo humo chumbani kwa kuwa dada yake hakutoka. Alikuwa amekaa mbele ya skrini, barabara inapita.

"Zima hicho kinu tuongee," kaka akasema.

"Hakizimwi. Lori liko njiani."

"Haya, mdogo wangu. Nimekuja kukuuliza jambo moja. Unabaki kwa hawa wazee, au unarudi nami?"

Nilikuwa nimesimama karibu na kabati. Mke wangu alishika ukingo wa kanga yake. Lile shina la maneno nililisikia kabla halijatamkwa.

"Sibaki," akasema. "Na sirudi na wewe. Nimepata chumba jirani na hospitali. Nahamia Jumatano."

Kaka akaigeukia skrini. Feni ikanguruma. "Na yule mchumba mwenye duka nimwambie nini?"

"Mwambie chochote."

Nilikuwa nimeomba achague. Sikuwa nimefikiri kuwa kati ya vitu vya kuchagua, kuna kutuacha. Mke wangu alikwenda jikoni, nikasikia akisugua sufuria iliyokuwa safi. Mimi nilibaki pale nikitazama lori likipanda mlima, mikono yake ikiwa juu ya usukani wa kuchezea, na hakunitazama, na mimi sikumwuliza alichagua lini.

Jumatano kesi niliibeba mimi. Ni nzito kuliko redio zote nilizowahi kubeba, au mikono ndiyo imechoka. Chumba ni cha ghorofa ya pili, meza, kitanda, dirisha moja linalotazama kamba za kuanikia mashuka. Alinionyesha pa kuiweka. "Hapa, baba. Si hapo. Hapa."

Nikipata njia ya kule huwa napita kumsalimu. Feni inasikika hadi ngazini. Nagonga mara mbili, tatu, ndipo anasikia.