Siku Niliyoambiwa Nigeuke

Asubuhi ile nilikuwa nafagia veranda huko Tehran, mtoto mgongoni, majirani wakinichungulia kama kawaida yao. Wee, walinishangaa! Mwanamke mweusi amemfunga mtoto kwa shuka, anainama, anapiga deki, anaanika nguo, na mtoto amelala fofofo. Mzee wa ghorofa ya chini akamwambia Mama Laleh, mama wa mtoto, kwamba siku moja nitamwangusha. Mama Laleh akamjibu kwa Kiajemi, kisha akanitafsiria kwa Kiswahili: "Nimemwambia hata mimi nililelewa mgongoni mwako." Ati mgongoni mwangu, na mimi nilikuwa mdogo kwake! Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Kiswahili chake alikitoa kwetu. Mimi ni mtu wa Karurumo, jina langu Wawira. Mumewe, tuliyemwita Injinia, alikuwa amekuja kujenga bwawa la umeme kule chini mtoni Tana, nami nikaandikwa yaya katika nyumba yao ya kambini. Laleh alizaliwa huko, na mimi ndiye niliyemfunga mgongoni kwa mara ya kwanza. Kazi ya Injinia ilipokwisha, wakaniomba nifuatane nao kwao kwa muda. Mama yangu alilia, akasema naenda kupotelea kwa Waarabu. Nikamwambia si Waarabu, ni Waajemi, ingawa hata mimi tofauti sikuijua. Nilikuwa msichana, nilitaka kupanda ndege. Basi.

Nchi yao ilikuwa na mfalme. Picha yake ilikuwa kila mahali, hata kwa kinyozi, kifua kimejaa medali. Tulipofika, watu walikuwa wameshamchoka. Mama Laleh alikuwa mwalimu, na wala hakuwa mtu wa dini sana. Sketi zake zilikuwa fupi kuliko zangu, na mimi ndiye niliyekuwa wa kanisani. Lakini polisi wa siri walikuwa wamemchukua mwalimu mwenzake na hakuonekana tena. Maandamano yalipoanza, akajitanda chador, ile shuka nyeusi ya kutoka utosini mpaka miguuni, akatoka.

Nikamuuliza, "Kwani wewe umeokoka lini?"

"Wawira, siku hizi tunavaa nguo moja ili tuwe kitu kimoja. Mfalme akienda, kila mtu atavaa anachotaka."

Aliamini hivyo. Na mimi nilimwamini. Jioni watu walipanda juu ya mapaa wakapaza sauti kwamba Mungu ni mkubwa, nami nikapanda nao, Mkatoliki wa Karurumo, nikapaza sauti mpaka koo likauma. Mungu ni mkubwa hata kwetu.

Kisha mfalme akapanda ndege akaenda. Watu walikumbatiana barabarani na wasiojuana. Baada ya hapo akarudi yule shehe mkuu waliyekuwa wakimngoja kutoka uhamishoni, na mji mzima ukamiminika kumpokea. Mama Laleh alirudi nyumbani hana sauti, viatu vimeraruka, anacheka peke yake. Mimi nilidhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Wanajeshi waligawanyika, wengine kwa mfalme, wengine kwa shehe, wakaanza kupigana humo humo mjini. Kambi zikavunjwa, bunduki zikagawiwa vijana kama mtu anavyogawa miwa. Injinia alikuwa mbali kusini kwenye visima vya mafuta, na simu hazikuwa zikipita. Tulibaki sisi wanawake wawili na mtoto, madirisha tumeyaziba kwa magodoro.

Hapo ndipo Laleh akaugua. Theluji ilikuwa nje, mafuta ya taa yalikuwa yameadimika, nyumba ilikuwa baridi. Alianza na kikohozi cha kubweka. Asubuhi ya pili alikuwa akivuta pumzi kwa kukwaruza, mbavu zinaingia ndani, midomo imegeuka rangi. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu. Gari hakuna. Nje risasi zilikuwa zikilia.

"Akikaa hapa atakufa," Mama Laleh akasema.

Alitaka kumbeba mikononi. Nikakataa. Kwetu mtoto mgonjwa hubebwa mgongoni, apate joto la mwili wako, nawe ubaki na mikono ya kujishikilia ukiteleza. Nikamfunga vizuri, kichwa nikakifunika kwa sababu ya baridi. Juu yake nikajitanda chador, kwa maana siku hizo sisi wawili hatukutoka bila hiyo. Tukatoka.

Haikunijia akilini, wala yeye haikumjia. Alikuwa ameniona hivyo tangu Tana. Alikuwa amesahau kwamba mji ule haujui mtoto wa mgongoni.

Tulipita tumebanana na kuta. Nilikuwa nasikiliza ile pumzi shingoni mwangu. Ikikwaruza, nashukuru. Ikinyamaza, nasimama.

Kwenye njia panda palikuwa na magunia ya mchanga. Nyuma yake walikuwa vijana wenye bunduki, wa upande wetu, upande wa Mama Laleh. Akafurahi kuwaona. Akawapungia mkono.

"Simameni!"

Tukasimama.

"Huyo ana nini mgongoni?"

"Mtoto," Mama Laleh akasema. "Mgonjwa. Tunakwenda hospitali."

"Mtoto hubebwa mikononi. Hiyo ni nini?"

Tuliambiwa baadaye kwamba asubuhi hiyo mtu aliyejifunika kama mwanamke alikuwa amewafyatulia risasi na kumuua mwenzao. Sisi hatukujua. Niliona tu mitutu ikiinuka, na mmoja wao, mwenye sweta ya kufumwa kwa mkono, akitetemeka.

"Mwambie ageuke."

Mama Laleh akaniambia kwa Kiswahili, polepole, "Geuka, Wawira. Geuka, waone."

Laleh alikuwa amenyamaza. Sikusikia chochote shingoni.

Nigeuke vipi? Bunduki zilikuwa mbele yangu, mtoto nyuma yangu. Mimi ndiye niliyekuwa ukuta wake. Nikigeuka, nimemweka yeye mbele ya mitutu.

"Siwezi," nikasema.

"Wawira, tafadhali."

"Watampiga. Siwezi, Mama Laleh."

Kijana wa sweta alipiga kelele. Mama Laleh akanyoosha mkono kuifunua chador yangu begani. Aliunyoosha haraka.

Ukasikika mlio mmoja.

Mama Laleh aliketi chini, tena kwa adabu, kama mtu aliyechoka. Akanishika upindo wa nguo. Na ule mlio ukamshtua Laleh, akalia, sauti imepasuka, lakini akalia. Wote wakasikia.

Yule kijana akatupa bunduki kwenye theluji. Alisema neno moja tu, akalirudia na kulirudia. Lilikuwa "mama".

Walitusukuma kwenye pikapu ya mboga, wakaendesha kama wendawazimu. Mama Laleh alikuwa amelala mapajani mwangu. Alikata roho kabla hatujafika lango la hospitali. Laleh aliingizwa ndani, wakamwekea hewa. Mimi nilikaa kwenye korido, damu imekauka magotini, redio ikatangaza kwamba jeshi limerudi kambini na mapinduzi yameshinda. Honi zililia mji mzima. Nesi mmoja alikuwa akigawa peremende huku analia kwa furaha, akanipa moja mkononi. Nilimchukia, Mungu anisamehe, na yeye hakuwa amenikosea lolote.

Injinia alipofika nilimweleza yote. Hakunilaumu. Hakunitazama pia. Bibi mzaa baba akamchukua mtoto, nami ndege zilipoanza kuruka nikarudishwa nyumbani. Miaka ikaenda. Siku moja nilikuwa nachambua maharagwe, nikasikia redioni kwamba wanawake wa kule sasa lazima wajifunike, watake wasitake. Nilizima hiyo redio.

Mwaka huu Laleh amenipata, kupitia parokia yetu. Ni mama mtu mzima, anaishi ughaibuni. Baba yake alikuwa amemsimulia kidogo kabla ya kufa. Tuliongea kwa simu, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Hakuzunguka.

"Kama ungegeuka, mama angekuwa hai?"

Ningeweza kumpa jibu la kanisani. Nikamwambia, "Labda. Na labda ningekuwa nimekurudisha nyumbani wewe ukiwa maiti. Nimelifikiria kila siku, mwanangu, na sijui. Lakini hata leo wakiniambia nigeuke, sitageuka."

Alilia. Mimi pia nililia, na sikujificha. Kisha akaniambia kwamba picha za mama yake anazo nyingi, ila zote amekaa, au yuko peke yake. Akaniuliza alikuwa mrefu kiasi gani.

Nikasimama hapo jikoni, nikaweka kiganja kwenye bega langu.

"Mpaka hapa," nikamwambia, ingawa hakuwa akiniona.