Barua ya Morogoro Niliyomsomea Baba

Jamani, mimi ni mwongo. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia mapema. Nimechoka kuhurumiwa. Kijijini kwetu, huku Kyela, watu wamenipa pole miaka mingi kwa jambo ambalo halikutokea, nami pole zote nimezipokea.

Nilimaliza kidato cha sita enzi zile za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka yalikuwa yamejaa vitu, mitumba imefurika, kila mtu anataka kuonekana mjanja. Nikaomba vyuo vikuu viwili: cha Dar es Salaam, nisome mambo ya siasa na utawala, na cha kilimo, kule Morogoro. Cha Dar nilikitaka mimi. Cha Morogoro nilikiomba kwa sababu ya baba.

Baba alikuwa na shamba la kokoa sehemu iitwayo Talatala. Miaka ile matunda yalianza kuoza yakiwa mtini. Yanakuwa meusi, ukiyapasua ndani uozo mtupu. Bwana shamba aliyekuwa akipita na baiskeli alipunguzwa kazini, na hakuja mwingine. Wanunuzi binafsi walikuja wengi, lakini hao walitaka kokoa, habari za ugonjwa wake hawakutaka kuzisikia. Baba alikuwa akisimama shambani ananiambia, "Wewe ndiye utakayekuja kuniambia hii ni nini."

Vyuo vyote viwili nilikuwa nimevitembelea kabla ya kuomba. Nisikufiche, cha Dar kilinilewesha. Wanafunzi wanabishana na mwalimu kuhusu vyama vingi, jioni wako bwaloni wanabishana tena, suruali zimepigwa pasi, vitabu kwapani. Ukumbi umejaa hadi madirishani, kitabu kimoja kinagombewa na darasa zima, na hakuna mwalimu anayejua jina lako. Mimi nikaona huo ndio ukubwa!

Cha Morogoro waliamka alfajiri kukamua ng'ombe. Wanavaa gambuti, kila mmoja ana tuta lake lenye kibao cha jina lake. Mwalimu mmoja, mama mnene mcheshi, alinikuta nachungulia kwenye uzio akaniuliza natoka wapi. Niliposema Kyela, akaanza kuniuliza habari za kokoa, tukaongea saa nzima. Nilifurahi kweli siku ile, na hilo ndilo linaloniuma. Nilifurahi, halafu nikaona haya kwa kufurahi. Shuleni tulikuwa tukimwita mtu "bwana shamba" pale tulipotaka darasa zima limcheke.

Majibu yalikuja kwa sanduku la posta la Mzee Sharifu, mwenye duka mjini Kyela, mtu wa asili ya Lindi. Nusu ya kijiji chetu ilipokea barua kwake. Siku hiyo alinyanyua bahasha mbili juu huku anacheka.

"Mwanangu, zote mbili kwa mpigo! Hebu fungua tuone."

Nikafungua pale pale. Zote zilikuwa zimenikubali.

"Alhamdulillahi! Sasa nenda kamwulize mzee wako," akasema. "Usije ukaamua hapa dukani kwangu."

Nikamwomba kalamu na karatasi. Juu ya kaunta yake nikakiandikia chuo cha Morogoro kwamba nashukuru, ila sitakuja. Nikabandika stempu. Mzee Sharifu aliniangalia, akaipokea, akaiweka pamoja na barua za kupeleka posta.

Ningeweza kumwambia baba ukweli. Angenuna siku mbili tatu, yakaisha. Lakini kwetu kumwambia mzazi "sitaki" usoni si jambo dogo, na mimi nilikuwa mwoga. Nilipofika nyumbani nilimsomea barua ya Dar kama ilivyo, nikiitafsiri kutoka Kiingereza. Kisha nikafungua ile ya Morogoro. Karatasi ilisema wanafurahi kunipokea. Nikaikodolea macho, nikasoma: "Tunasikitika. Nafasi zimejaa."

Nilisoma hivyo, bila hata kukwama!

Baba akanyoosha mkono akaichukua, aitie kwenye kibati chake cha kutunzia karatasi. Sikuogopa. Baba hakujua kusoma Kiswahili, sembuse Kiingereza. Akaitazama kitambo, akauliza swali moja tu.

"Ni kwa sababu sikwenda mimi?"

Nikueleze. Huku kwetu mtoto hapelekwi mahali kwa barua. Mzazi anabeba kitu, anakwenda naye, anamkabidhi kwa mdomo wake. Nilipoanza darasa la kwanza baba alikwenda na jogoo kwa mwalimu mkuu. Nilipoingia sekondari alikwenda na mchele. Safari hii nilimkataza mimi mwenyewe, nikamwambia vyuo vikuu havina mambo hayo. Sasa alidhani ndiyo sababu wamenikataa.

Neno "hapana" lingetosha. Mimi nikasema, "Labda, taata."

Ole wangu! Niliona nimejiokoa.

Dar nikaenda, nikasoma, nikabishana bwaloni hadi sauti ikakauka. Sina kinyongo na chuo kile. Waliokwenda kusoma walitoka na kitu, mimi nilikwenda kuonekana. Nilipomaliza, serikali ilikuwa inapunguza watu, haiajiri. Nikazurura miaka miwili, nikarudi nyumbani na cheti changu kwenye bahasha. Leo mimi ni karani kwa mnunuzi mmoja wa kokoa. Kazi yangu ni kukata punje za majirani kwa kisu na kutazama ndani. "Hii ina ukungu, mama. Rudi nayo." Kila siku hivyo. Wananiuliza wafanye nini, mimi namwita anayefuata.

Niliporudi nilimkuta baba amepunguza migomba iliyotia kivuli kwenye kokoa. Matunda meusi anayakusanya yote, anayafukia shimoni. Sehemu kubwa ya shamba ilikuwa imeshakufa, lakini miti iliyobaki ilikuwa inazaa. Nilimcheka. Eti nikamwuliza, "Taata, siku hizi unazika kokoa?"

"Najaribu tu, mwanangu," akasema.

Msimu uliopita miguu ilianza kumsumbua, nikawa namsaidia kazi ile ya kufukia. Siku moja jirani akapita njiani, akasimama kutusalimu. Akaniambia yale yale ya siku zote, "Wale wa Morogoro walikuonea sana. Ungekuwa mtaalamu wetu wewe."

Baba akaitikia, "Walimwonea."

Jirani alipokwenda, sikuweza tena. Nikamwambia baba yote, nimeshika jembe, sijui hata nilianzia wapi. Nilisema kuhusu barua, kuhusu stempu, kuhusu ile "labda". Machozi yananitoka mtu mzima!

Baba hakusimamisha kazi.

"Najua," akasema. "Nilikwenda."

Alikwenda majuma machache baada ya mimi kuondoka kwenda Dar. Mtu ambaye hakuwahi kuvuka Mbeya! Alibeba mchele, matunda mawili ya kokoa yaliyooza, na barua ile kutoka kwenye kibati. Alikwenda kunikabidhi kwa mdomo wake, ili mwaka unaofuata wanipokee. Alipowaonyesha yale matunda, wakampeleka kwa yule yule mama aliyenikuta kwenye uzio. Mama akasoma barua, akairudia, kisha akafungua jalada akatoa karatasi yenye mwandiko wangu.

"Aliona haya kunisomea," baba akasema. "Nikamwambia, soma tu mama, nimetoka mbali. Akanisomea zote mbili. Halafu akanipasulia yale matunda, akanionyesha namna ya kupunguza kivuli, namna ya kufukia. Nikasema ndaga, nikamwachia mchele."

Ndaga! Alishukuru. Siku aliyojua mwanawe amemdanganya, alishukuru, akapanda basi, akarudi kuokoa miti iliyobaki.

Nikamwuliza mbona miaka yote hii anawaambia watu kwamba walinionea.

Akanitazama kidogo. "Ulitaka niwaambie nini?"

Tukafukia mpaka shimo likajaa.

Sasa nakuambia wewe unayesoma, hasa wewe uliyeshika bahasha mbili mkononi. Chagua chuo unachokitaka, usichague kwa kuogopa kuchekwa. Ukishachagua, sema kwa mdomo wako kwamba umechagua wewe. Na kama nyumbani kwenu ndiwe msomaji wa barua, nakuomba, soma kilichoandikwa. Anayesomewa hana pa kuhakikishia, labda abebe mchele apande basi.

Haya yakichapishwa nitanunua gazeti nimpelekee baba. Atataka kujua wameandika nini, naye hajawahi kusomewa na mtu mwingine hapa nyumbani ila mimi. Nitakaa karibu yake, nitaanzia mstari wa kwanza kabisa, pale palipoandikwa mimi ni mwongo, na sitaruka neno.