Milingoti ya Kristofa

Jiwe la kwanza lilimpata Bibi Oktavia mdomoni. La pili likatoboa ndoo yake.

"Ulifunga mvua, sasa umefunga na chemchemi!" Nahumu alifoka, rungu mkononi. "Bustani za vinyungu bonde zima zimekauka, mboga zako wewe tu ndizo za kijani!"

Bibi akatema damu. "Namwagia maji niliyooshea vyombo, Nahumu. Kwako vyombo havioshwi?"

Wachache walicheka. Kicheko hicho kilimtia Nahumu wazimu, akampiga bibi rungu la mbavu, bibi akaanguka.

Kristofa alisimama nyuma ya watu, shoka begani. Alikuwa mpasua mbao, mpole, mwimba kwaya, mtu ambaye hata kuku alichinjiwa na mkewe. Miaka sita nyuma, ruksa ya biashara ilipoingia na Halfan wa Makambako akaanza kuleta lori lake huku juu kutafuta nguzo, Kristofa alifyeka mianzi yote ya kugemea pombe ya ulanzi iliyozunguka chemchemi, akapanda milingoti mia nne, ile mikaratusi ya nguzo. Bibi Oktavia peke yake ndiye aliyemwonya: "Mti huo una kiu kuliko mlevi." Kristofa alicheka. Mwaka jana maji yalitoka membamba kama kidole, na mwaka huu yakawa matope. Alijua. Kila asubuhi bibi alimsalimu kutoka mlangoni kwake, "Kamwene!" naye akapita akitazama miguu yake.

Sasa Nahumu alikuwa amechomoa kijinga cha moto jikoni kwa bibi, anakipeleka kwenye nyasi za paa.

"Mwacheni! Ni mimi!" Kristofa alipiga kelele.

Nani amsikie? Paa likaanza kutoa moshi. Basi akapenya katikati ya watu, akampiga Nahumu kwa kisogo cha shoka. Mfupa wa mkono ukalia kama kuni kavu, kijinga kikaanguka. Kristofa akaling'oa lile fungu la nyasi lililoshika moto kwa mikono mitupu.

"Milingoti yangu ndiyo iliyokunywa maji," alisema. "Nimejua tangu mwaka jana. Nikanyamaza."

Walimpiga kwa rungu lilelile. Walimpiga mpaka magego mawili yakatoka na goti likageuka upande. Kisha wakachukua shoka lake na mashoka yao, wakaangusha milingoti yote kabla jua halijazama.

Lakini mlingoti haufi kwa shoka. Mvua za kwanza ziliponyesha, kila kisiki kilitoa machipukizi matano.

"Kristofa, wanao wamezaliwa!" walimtania waliopita na ndoo kwenda mto wa mbali.

Kristofa alianza kuvifukua visiki kimoja kimoja, akichechemea na sururu, akiipiga mizizi vilevile alivyopigwa yeye. Siku nzuri, visiki viwili. Maji hayajarudi.

Asubuhi moja Bibi Oktavia alishuka akijishika mbavu, akakaa juu ya kisiki ambacho bado hakijang'olewa.

"Kamwene," alisema.

Kristofa akaweka sururu chini, akamtazama usoni, pale mdomo ulipopasuka.

"Kamwene, bibi. Samahani, hicho ulichokalia ndicho cha leo."